Mita 60 Kutoka Mtoni

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Ni kifungu kifupi, kinaeleweka, na mtu yeyote mwenye futi kamba anaweza kukisimamia. Shida yake huonekana ukishuka Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam. Huko juu, upande wa vilima vya Pugu mto unakoanzia, kuna mahali ambapo ukitembea mita 60 kutoka majini umeshapanda mwinuko usiofikiwa na mafuriko. Ukifika Jangwani, karibu na baharini, bonde limetanuka na kulala. Maji yakijaa husambaa mamia ya mita nje ya mkondo. Ukingo wenyewe nao hautulii. Kila masika mto hula ardhi upande mmoja na kutupa mchanga upande wa pili, hivyo mita 60 za mwaka huu haziwi zile za mwaka jana.

Kwa nini basi tupime hatari kwa umbali, wakati inawezekana kuipima kwa mwinuko wa ardhi na kina cha maji? Swali hilo ndilo linalozileta data za kijiografia na modeli za kidijitali katika usanifu wa miji yetu, na ndilo ninalotaka kulifuata hapa. Zile video za matangazo, kamera ikizunguka majengo ya vioo na miti isiyodondosha jani, naziacha kando. Nyingi ni kazi ya wauzaji. Kazi ngumu ya modeli ya mji ni kuchora mstari kati ya nyumba inayobaki na nyumba inayoondoka. Kitaalamu mstari huo unaweza kuchorwa vizuri kuliko zamani. Lakini kipimo kikibadilika mstari unahama, na ukihama unapita juu ya vyumba wanamolala watu.

Tuanze na mwinuko, maana makosa mengi huanzia hapo. Februari 2000, chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima kwa rada urefu wa ardhi karibu yote wanayokaa watu. Data zake baadaye zilitolewa bure, na kwa miji mingi ya Afrika ndizo zilizokuwa msingi wa kila ramani ya mafuriko kwa muda mrefu. Kila namba katika data hizo inawakilisha eneo la takriban mita 30 kwa 30. Ndani ya eneo la ukubwa huo pale Tandale, Dar es Salaam, mna nyumba kadhaa, kichochoro, mtaro, choo na labda genge la mboga, vyote vimefanywa kuwa urefu mmoja. Isitoshe, rada ile ilirudishwa na mapaa na vilele vya miti, si na ardhi yenyewe. Kwa hiyo namba inaweza kupotoka kwa mita kadhaa, na katika mtaa uliobanana mara nyingi hupotoka kwenda juu.

Kwa anayechora barabara ya milimani, kosa hilo linavumilika. Kwa Jangwani, ambako tofauti ya sebule kavu na sebule iliyojaa maji ni nusu mita, hiyo si data bali ni kubahatisha. Mwaka 2019 Scott Kulp na Benjamin Strauss wa taasisi ya Climate Central walichapisha utafiti uliosahihisha makosa hayo katika pwani za dunia nzima. Idadi ya watu waliohesabiwa kuwa kwenye ardhi inayotishiwa na bahari iliongezeka hadi kama mara tatu ya makadirio ya awali. Watu hao walikuwapo siku zote; mapaa yao yalihesabiwa kuwa ardhi, na ramani ikawaweka salama kwa sababu ya mabati waliyoezekea.

Dawa iliyoletwa na muongo uliopita ni ndege nyuki. Mfano mmoja ni Zanzibar: kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na Benki ya Dunia, ilianza kupiga picha Unguja na Pemba kwa ndege nyuki ndogo zilizorushwa na vijana waliofundishwa hapohapo visiwani. Ndege inapita ikipiga picha zinazopishana kwa sehemu kubwa, kisha programu inatafuta nukta moja, tuseme kona ya karo la maji, katika picha nyingi zilizopigwa kutoka pembe tofauti, na kukokotoa mahali ilipo nukta hiyo kwa urefu, upana na kimo. Zikikusanywa nukta mamilioni, mji unasimama kwenye kompyuta. Sharti lake ni alama za ardhini zilizopimwa kwa usahihi na mpima ardhi mwenye kifaa cha setilaiti. Bila alama hizo modeli hupendeza macho huku imepinda au imeelea, na mtazamaji asiye mtaalamu hana namna ya kujua. Ukionyeshwa modeli ya mtaa wako, swali la kwanza liwe alama zilifungwa wapi na ni ngapi. Rangi zinaweza kusubiri.

Hata hivyo ndege nyuki nayo inaona mapaa. Haioni mtaro uliofunikwa kwa zege, wala kalavati lililozibwa na chupa za plastiki, wala ukuta wa matofali ambao jirani mmoja ameujenga kugeuza maji yaelekee kwa mwenzake. Mafuriko ya mitaa mingi ya Dar es Salaam hayasababishwi na mto kupanda peke yake. Maji ya mvua hukosa pa kupita. Hapo ndipo mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015 baada ya majaribio ya awali Tandale, ulipofanya jambo ambalo setilaiti hailiwezi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia mitaani pamoja na wakazi wakiwa na simu na karatasi. Walifuata mitaro kwa miguu, wakapima upana na kina chake, wakaandika palipoziba, na kuziweka taarifa hizo kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyo wazi kwa yeyote. Waliuliza pia maji yalifika wapi katika mafuriko yaliyopita. Wajumbe wa nyumba kumi, ambao katika ofisi nyingi za mipango miji hawana hata kiti, ndio waliojua mpaka wa shina uko wapi na nyumba ipi ililowa hadi dirishani.

Jibu la namna hiyo mwanamodeli anapaswa kulithamini kama dhahabu. Modeli ya mafuriko, ukiivua mapambo, ni hesabu inayorudiwa mara nyingi sana: kila kipande cha ardhi kinapewa urefu, ukwaruzo unaopunguza kasi ya maji, na kiasi cha maji kinachoweza kunywewa na udongo, kisha mvua inamwagwa juu yake na programu inahesabu maji yanahamia kipande kipi. Mwanamodeli anaweza kubadilisha vipimo hivyo mpaka apate ramani yoyote anayoitaka. Kinachomzuia ni ushahidi wa mafuriko yaliyotokea kweli. Kama modeli inasema maji yalifika gotini na mama mwenye nyumba anaonyesha doa ukutani lililo juu ya kiuno chake, modeli ndiyo inayorekebishwa. Mafuriko ya Desemba 2011 na yale ya Aprili 2018 yaliacha madoa ya namna hiyo mji mzima, na rangi ya ukuta ikipakwa upya ushahidi umepotea.

Kuna jambo la pili ambalo Msimbazi unaifundisha fani hii, nalo ni tope. Vilima vya juu vimejengwa haraka, miti imekatwa, mchanga unachimbwa, na mvua inasomba udongo huo hadi Jangwani ambako mwendo wa mto unapungua. Kitanda cha mto kimepanda kiasi kwamba nafasi chini ya daraja la Jangwani imekuwa ikizibuliwa kila mara. Modeli iliyotengenezwa kwa picha za miaka mitatu iliyopita inahesabu mto ambao haupo tena. Nimesikia watu wakizungumzia ramani ya kidijitali kana kwamba ni jengo: ukishalijenga umemaliza. Katika bonde linalojaa mchanga, bajeti ya kupima upya ina uzito kuliko bajeti ya kupima mara ya kwanza, na ndiyo isiyokuwamo katika miradi mingi kwa sababu wafadhili hupenda uzinduzi.

Sasa niseme linalonisumbua zaidi. Mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam yalianza kubeba abiria Mei 2016, na karakana yake kuu ilijengwa Jangwani, katikati ya bonde. Tangu hapo imefurika mara kwa mara, mabasi yameharibika, na huduma imesimama siku za mvua kubwa. Je, ilikosekana data? Mpango mkuu wa jiji wa mwaka 1979 ulikwishaliweka bonde hilo katika ardhi ya hatari isiyofaa kujengwa. Wakazi wa Magomeni na Kigogo walijua. Jina lenyewe la Jangwani linatamkwa kila masika kwenye taarifa za habari. Hakuna modeli iliyohitajika kugundua kwamba pale panajaa maji. Kwa hiyo anayesema miji yetu inaharibika kwa kukosa takwimu anasema nusu ya kweli. Mara nyingi taarifa ilikuwapo, ila haikuwa na nguvu mezani: ilikuwa neno “hatarishi” kwenye mchoro wa zamani, likishindana na eneo kubwa, wazi, lililo karibu na katikati ya jiji na lisilohitaji fidia kubwa.

Modeli nzuri inaweza kuipa taarifa hiyo bei. Badala ya kusema bonde ni hatari, inasema mvua ya aina fulani itaacha maji ya kina fulani kwenye sakafu ya karakana, na mvua hiyo inatarajiwa mara ngapi katika miaka hamsini. Mhandisi anaweza kukokotoa gharama ya kuinua sakafu, mhasibu akailinganisha na gharama ya kiwanja kingine. Mtu anaweza bado kuamua vibaya, lakini anaamua huku namba ikimtazama. Katika mipango ya sasa karakana inatakiwa kuhama bondeni, na sidhani uamuzi huo ungefikiwa kwa maneno matupu.

Mpango wenyewe wa bonde uliandaliwa mwaka 2018 kwa mikutano iliyowaweka pamoja wakazi, wahandisi, maofisa wa manispaa na wanamazingira, wakichora na kubishana juu ya meza zenye ramani. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 200 kwa utekelezaji. Wazo lake kuu ni la usanifu zaidi kuliko uhandisi: kuupa mto nafasi pana ya kupita, kuijenga bustani ya jiji katika sehemu itakayokubali kufurika, kuinua kingo kwa udongo utakaochimbwa humohumo ili pajengeke juu yake, na kuweka daraja jipya la Jangwani. Bila modeli wazo hilo haliwezi kujadiliwa, kwa kuwa kila mita ya udongo unayoinua upande wa Kinondoni inaweza kusukuma maji upande wa Ilala. Ni lazima ukokotoe pande zote kwa pamoja, tena na tena.

Na hapo mstari ukachorwa. Walio ndani yake walithaminiwa nyumba zao, wakalipwa fidia na kuondoka. Aliye hatua chache nje yake alibaki. Ukilinganisha na yaliyotokea mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016, nyumba za mabondeni zilipopigwa alama ya X kwa rangi nyekundu na kubomolewa kwa kigezo cha uvamizi, hatua hii ni kubwa. Alama ya X haikuwa na hoja inayoweza kukaguliwa. Mstari wa modeli unayo: unaweza kuuliza ulitumia mvua gani, mwinuko gani, mwaka gani. Ila uwezo wa kuuliza si sawa kwa wote. Mkazi wa mtaa wa Mkunguni, humo bondeni, akiambiwa nyumba yake iko nje kwa sentimita ishirini za mwinuko, nani atamsaidia kuikagua hesabu hiyo? Mwanasheria wa mtaani hajui programu, na mwenye programu yuko upande wa mradi. Kwa maoni yangu faili za modeli ya umma zingepaswa kukabidhiwa Chuo Kikuu Ardhi kwa namna ambayo mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kuzifungua na kuendesha upya hesabu kwa niaba ya mtaa.

Nairobi imelijaribu jambo hili, la kuwaweka wananchi upande wa wenye data, kwa njia nyingine. Wengi wanaikumbuka kwa Digital Matatus, kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi na washirika wa Marekani, ambapo wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu na kurekodi njia na vituo. Ramani ya mwaka 2014 iliyoonyesha njia zaidi ya 130 ilikubaliwa na serikali ya jiji, ingawa hakuna ofisi yoyote iliyokuwa imeiagiza. Ni kazi maridadi. Lakini kwangu mimi somo zito liko Mukuru.

Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la upangaji. Hatua hiyo ilisimamisha ujenzi mpya na kufungua mlango wa kutumia vipimo tofauti na vile vya kawaida. Kazi kubwa ilikuwa imefanywa na wakazi kupitia Muungano wa Wanavijiji na washirika wao: walihesabu, wakachora, wakakusanya taarifa za kaya zipatazo 100,000, hadi bei ya mtungi wa maji na malipo ya umeme wa kuunganishiwa kienyeji. Takwimu zilionyesha kwamba maskini wa Mukuru walilipia huduma mbovu kwa bei ya juu kuliko majirani zao wa mitaa ya kitajiri. Wasanifu walipokuja kuchora barabara, ramani ya nyumba kwa nyumba iliwaruhusu kufanya hesabu ambayo haikuwahi kufanywa: upana kamili wa kanuni ungebomoa nyumba ngapi, na upana uliopunguzwa ungebomoa ngapi. Wakapunguza. Data hapa zilibadilisha kipimo chenyewe, si mahali pa kukitumia tu.

Halafu ikaja Oktoba na Novemba 2021. Sehemu ya Mukuru kwa Njenga ilibomolewa kupisha barabara, na maelfu ya watu wakalala nje, ndani ya eneo lilelile lililotangazwa maalumu na kuchorwa kwa uangalifu mkubwa. Ramani haikuwa na kosa. Waliotuma matingatinga walikuwa na mradi mwingine na hawakulazimika kuifungua.

Tukirudi visiwani, kuna upungufu wa aina ambayo hakuna kamera itakayoutibu. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, umepimwa na kuchorwa kila upande. Ng'ambo, upande wa pili wa mji wanakoishi wengi zaidi, kwa miongo mingi ilitazamwa na wapangaji kama mahali pa kuvunja na kunyoosha. Mradi wa Ng'ambo Tuitakayo, ulioongozwa na Idara ya Mipango Miji na Vijiji ya Zanzibar pamoja na washirika wa Uholanzi, ulianza kwa kuweka kwenye ramani mambo ambayo wakazi wenyewe waliyataja kuwa na maana: baraza za mazungumzo, misikiti, viwanja vya michezo, sehemu za ngoma na kumbukumbu za mtaa. Fikiria programu ya kompyuta inavyoiona baraza: ni kijisehemu cha saruji cha sentimita hamsini mbele ya ukuta, kizuizi kidogo katika upana wa njia. Mhandisi akitafuta nafasi ya mtaro, hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa. Ikiingizwa katika data kama mahali pa kukutania, ina jina na ina wenyewe, kuikata kunahitaji maelezo.

Teknolojia nayo haisubiri mjadala huu uishe. Mwaka 2021 Google ilitoa bure mipaka ya majengo milioni 516 barani Afrika, iliyochorwa na kompyuta kutoka picha za setilaiti. Kwa mpangaji wa halmashauri isiyo na hata ramani ya mwaka 1990, ni neema. Lakini kompyuta hiyo hiyo ikifika kwenye mapaa yaliyogusana huzichanganya nyumba tatu kuwa moja, na mara nyingi mapaa hayo ndiyo ya mitaa inayohitaji kuhesabiwa kwa makini kuliko yote. Tanzania ilichagua pia njia ya miguu: mwaka 2022 operesheni ya anwani za makazi ilizipa nyumba namba na mitaa majina, na sensa ya Agosti mwaka huo ikafanyika kwa vishikwambi, majengo nayo yakihesabiwa. Dar es Salaam ilionekana kuwa na watu 5,383,728, kutoka 4,364,541 wa sensa ya 2012. Nyumba yenye anwani na nukta kwenye ramani inafikiwa na gari la zimamoto; inafikiwa pia na mtoza kodi na mwenye tingatinga. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamlinda mtu na taarifa zake, lakini ramani ya hatari inahusu paa, na paa halina wakili.

Lililobaki gumu kuliko yote ni mipaka ya ofisi. Modeli ya Msimbazi inalichukua bonde zima kama kitu kimoja, kutoka vilimani hadi daraja la Selander, kwa sababu maji hayana namna nyingine ya kwenda. Kiutawala bonde hilo limegawanyika kati ya Halmashauri ya Jiji, Ubungo na Kinondoni, na vyanzo vyake vinagusa Kisarawe iliyo Mkoa wa Pwani. Ofisa anayepitisha kibali cha ujenzi kwenye mteremko wa juu hana wajibu wowote wa kisheria wa kufungua hesabu inayoonyesha udongo wa kiwanja hicho utatua Jangwani. Kibali chake hupimwa kwa mchoro wa kiwanja na risiti ya malipo. Mkopo wa dola milioni 200 unachimba na kuinua bonde la chini. Mteremko wa juu unaendelea kugawanywa viwanja, na kila masika unashusha tope jipya chini ya daraja ambalo modeli ililihesabu likiwa wazi.